Siku Abiria wa Ma Fedi Walipoezeka Paa la Laudat

Saa moja kasoro robo asubuhi. Meli ya watalii imeshafunga kamba gatini Roseau, nyeupe, ndefu, imeuziba mtaa wote wa mbele, na Ferdilia Valmond anafuta viti vya basi lake kwa kitambaa chenye maji ya ndimu. Anafuta kiti kwa kiti, mpaka kule chini ya viti ambako hakuna mtalii atakayeinama kuangalia.

"Ma Fedi!" anaita dereva wa tatu kwenye foleni. "Leo hao wageni unawapeleka wapi? Kuchimba choo?"

Foleni nzima inaangua kicheko. Mwingine anadakia: "Mimi nina ukuta haujapigwa lipu. Ma Fedi, nikatie kumi tu, wenye mikono mirefu!"

"Ukuta wako hauna lipu kwa sababu mwenyewe hujui kuamka," anajibu bila kugeuka, na kitambaa hakisimami.

Ana miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Grand Bay, mfupi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Kwenye kioo cha mbele cha basi lake ameandika kwa rangi nyekundu: USINISUKUME. Amebeba watalii kwa miaka kumi na tisa. Alipoanza, alikuwa mwanamke peke yake kwenye foleni ya gati, na kuna waliomwambia waziwazi kwamba mabonde ya kisiwa hiki cha Dominika, huku Karibi, hayajatengenezwa kwa ajili ya usukani wa mwanamke. Leo wapo watatu, na wawili kati yao ni yeye aliyewafundisha.

Utani wa asubuhi hii una wiki mbili. Umeanzia Alhamisi ile ambayo kila kitu alichopanga kiliharibika, kimoja baada ya kingine, mpaka abiria wake wakajikuta juu ya paa la mtu wameshika mabati. Ukimtazama usoni anavyojizuia kucheka, utajua utani wenyewe anaupenda.

Ili kuielewa siku hiyo, ni lazima kuielewa meli. Meli haimsubiri mtu. Abiria aliyeondoka na safari ya meli yenyewe, akichelewa, atangojewa. Aliyejitafutia dereva gatini, kama hawa wa Ma Fedi, akichelewa anaiona meli mgongo. Atajitafutia ndege na hoteli, pasipoti yenyewe mara nyingi imebaki ndani ya sanduku lake huko melini. Na dereva aliyemwacha mtu hasahauliki. Chama cha madereva kinamvua beji, na hata wasipomvua, jina limekwisha.

"Miaka kumi na tisa sijaacha mtu," anasema, na anakunja kitambaa. "Hata mmoja. Mlevi nimembeba. Aliyepotea sokoni nimemtafuta mpaka nikampata ananunua kofia. Wako madereva wenye mabasi mapya, wana Kiingereza cha redioni. Mimi nina sifa hiyo tu. Ukinivua hiyo, mimi ni mama mwenye gari."

Alhamisi ile alipata abiria kumi na wanne. Kwa msimu kama huu ilikuwa bahati. Novemba mpaka Aprili ndiyo miezi ya kula, na siku nzuri humwachia kama dola mia tatu na hamsini za kisiwani baada ya mafuta. Kuanzia Mei gati linakauka, naye anarudi kubeba wanafunzi na magunia ya majimbi. Kwa hiyo siku nzuri haichezewi.

Mpango ulikuwa kuogelea kwenye korongo la Titou, juu kabisa mlimani, kijiji cha Laudat. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Walipofika, Ma Fedi alishuka peke yake, akayatazama maji, akarudi. Yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, dalili kwamba mto unajaa.

"Hakuna kuogelea," akawaambia.

Walinung'unika. Mmoja akasema amesafiri maili elfu tatu. "Na utasafiri elfu tatu nyingine ukiwa hai," akamjibu. Akawapeleka kijijini wakanunue mikate ya kukaanga na kakao ya moto, wangoje jua litoke, kisha washuke mjini taratibu.

Jua lilitoka. Saa saba na dakika arobaini mchana, kilima kikashuka.

Hakuna aliyeumia. Kilishuka pale chini ya kijiji, kwenye kona, miti na mawe na tope, kikaifunika barabara kwa urefu wa kama hatua sitini. Na Laudat ina barabara moja. Unapandia hiyo, unashukia hiyo. Tingatinga la serikali, walimwambia kwa simu, lilikuwa upande wa pili wa kisiwa na lingefika kesho asubuhi. Meli ilikuwa inaondoa ngazi saa kumi na nusu.

Ma Fedi alisimama pale ukingoni mwa kifusi, akatazama saa yake. "Nilisema moyoni, ndiyo hii. Ndiyo siku yenyewe imekuja. Na ndani ya basi nina bibi wa miaka themanini na moja mwenye fimbo."

Bibi huyo, Mjerumani aitwaye Hannelore, alikuwa anasafiri peke yake.

Sasa, siku hiyo Laudat kulikuwa na koudmen. Kisiwani hapa hakuna asiyejua maana yake: mtu ana kazi kubwa, anaita kijiji, kijiji kinakuja na mikono bila kulipwa, yeye anapika, na siku ya mwenzake naye anakwenda. Mwenye kazi alikuwa Mzee Theophile Rolle, miaka sitini na saba. Kimbunga cha 2017 kilimwondolea paa lake zima, na tangu hapo ameishi na mkewe chini ya turubai na mabati ya kuokoteza. Miaka yote hiyo alikuwa akikusanya mbao na mabati. Alhamisi hiyo ndiyo siku aliyoitisha watu. Wanaume kumi na wawili walikuwa juu ya kenchi za paa tangu asubuhi mvua ilipokatika, nyundo zinasikika kijiji kizima.

Ma Fedi alizisikia, akakimbia kupanda mlima. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mpaka leo likitajwa anajifunika uso.

Aliingia uani moja kwa moja, akatazama juu, akapaza sauti: "Jamani, shukeni mnisaidie! Barabara imekatika!"

Nyundo zikanyamaza. Hakuna aliyeshuka.

Kwa maana koudmen ina mwenyewe. Siku hiyo mikono ile ni ya yule aliyeiita na kuipikia. Kuwaita watu kutoka juu ya paa la mtu bila kumsemesha yeye ni sawa na kuingia jikoni kwa jirani ukajipakulia. Mzee Theophile alikuwepo pale pale, ameinama anapiga mstari wa penseli kwenye bati. Hakuinua kichwa. Aliyesema ni mkewe, Ma Odile, kutoka kwenye sufuria la mchuzi wa majimbi na samaki wa moshi.

"Grand Bay siku hizi hawana salamu?"

"Niliona aibu hiyo!" anasema Ma Fedi. "Mimi nimekulia kwenye koudmen. Baba yangu angekuwa hai angenichapa na miaka yangu hii. Haraka ilinitoa akili."

Akavua kofia. Akarudi mpaka langoni, akaingia upya. "Mzee Theophile, habari za mchana. Ma Odile, habari za mchana. Nimeingia vibaya kwenye uwanja wenu. Nisameheni."

"Sasa ndiyo umefika," Mzee akasema, na akaiweka penseli sikioni. "Haya, sema."

"Nina watu kumi na wanne. Meli yao inaondoka saa kumi na nusu. Naomba mikono kumi inikatie njia ya miguu juu ya kile kifusi."

"Na mimi nina paa wazi, na mvua ile pale." Akaonyesha mlima wa Micotrin, ambao ulikuwa umeshavaa wingu mpaka kiunoni. "Nikikupa kumi nabaki na nani? Ma Odile?"

"Ma Odile ana sufuria," akasema Ma Odile.

"Nitakupa wangu," Ma Fedi akasema.

"Wako wepi?"

Akageuka, akawaonyesha. Abiria wake walikuwa wamejipanga barabarani ndani ya makoti ya plastiki ya njano, wanakula mikate, wanapiga picha kuku.

Mzee Theophile aliwatazama mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. "Hao?"

"Hao."

"Watajiangushia bati kichwani, nipelekwe mahakamani."

Ma Fedi hakungoja. Alishuka akawaambia ukweli wote bila kuupaka sukari: barabara hakuna, meli haingoji, wanaoweza kuwatoa wako juu ya lile paa, na hawawezi kushuka mpaka mikono mingine ishike kazi. Nani anaweza?

Wakalitazama lile paa. Halafu mzee mmoja Mkanada, Gerald Pike, mwenye kitambi na miwani, akaanza kuvua koti.

"Mama, mimi nimeezeka mapaa miaka thelathini na minane."

"Gerald!" mkewe akashtuka. "Daktari alisema nini kuhusu ngazi?"

"Alisema nikipanda ngazi, nipande kwa sababu ya maana. Hii hapa."

"Hakusema hivyo hata kidogo!"

Lakini Pike alikuwa ameshafika uani, anagonga papi, zile mbao za kupigiliwa mabati, kwa kidole na kuinamia mistari ya penseli. Akaokota skrubu moja, akaigeuza kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuwa na Kikrioli, na Kiingereza chake kilikuwa kizito, lakini Mzee Theophile alimwona anavyolishika bati, kwa viganja wala si kwa vidole, akamgeukia Ma Fedi.

"Huyu ni fundi. Chukua kumi wako. Wawili wanabaki naye."

Saa nane na robo, watu kumi wa Laudat walishuka na mapanga, masepetu, mitaimbo na kamba. Na watalii wa Ma Fedi wakaingia kazini. Vijana wanne wakapanda juu na Pike. Wengine wakapanga mstari kutoka kwenye rundo mpaka kwenye ngazi, bati linapita mkono kwa mkono. Mwanamke mmoja mhasibu, ambaye asubuhi alilalamikia vumbi la kiti, alishikilia ngazi kwa saa nzima, na kila aliyetaka kumpokea alimfukuza. Bibi Hannelore alikalishwa karibu na sufuria, akapewa kisu na ndizi mbichi za kumenya.

"Huyu si mgeni wa kisu," Ma Odile akatoa hukumu, na akamwongezea rundo.

Ma Fedi yeye alikuwa anapanda na kushuka, huku paa, kule kifusi. Na katikati ya kupanda na kushuka akapiga simu ambayo hakuwahi kudhani angeipiga. Upande wa chini alihitaji basi, na dereva pekee aliyekuwa karibu, kwenye mabwawa ya moto ya Wotten Waven, alikuwa Cuthbert Azille. Wawili hawa wamegombania sehemu ya kuegesha kwa miaka kumi na mmoja, na tangu Krismasi hawakuwa wanasemeshana.

"Nani?"

"Ferdilia."

"Ferdilia yupi?"

"Acha mambo yako, Cuthbert. Kilima kimeanguka chini ya Laudat. Niko upande wa juu na watu kumi na wanne. Nataka basi upande wa chini saa tisa na nusu, injini inawaka."

"Basi langu lile uliloliita banda la kuku?"

"Hilo hilo."

"Sema tafadhali."

"Tafadhali."

"Ngoja niisikie tena, mtandao mbaya."

"Cuthbert!"

Cuthbert alikata simu. Akawakusanya abiria wake wanne kutoka kwenye maji ya moto, akawawahisha gatini wakiwa bado wamejifunga taulo, akageuza, akapanda tena. Saa tisa na robo Ma Fedi alisikia honi kutoka upande wa pili wa kifusi. Anasema hajawahi kuisikia honi ile ikampendeza namna hiyo.

Njia ilikuwa imekamilika. Watu wa Laudat walikuwa wamelaza mianzi juu ya tope na kufunga kamba mtini huku na mtini kule, ya kushikilia. Abiria walivuka mmoja mmoja, kila mmoja na mtu wa kijiji mbele yake. Bibi Hannelore walimfunga kwenye kiti cha jikoni cha Ma Odile, wakapitisha mianzi miwili, wakambeba wanne mabegani. Katikati, jiwe moja kubwa lilijigeuza chini yao, likateremka bondeni likipasua miti. Wabebaji wakasimama kama walivyo. Kisha wa mbele akasema, "Twende," wakaenda. Alipotuliwa upande wa pili, bibi alisema hajabebwa hivyo tangu siku ya arusi yake, na kwamba hawa walikuwa makini zaidi.

Ma Fedi akahesabu, kama anavyohesabu siku zote, kwa kumgusa kila mtu bega. Kumi na tatu.

Akahesabu tena. Kumi na tatu.

"Gerald yuko wapi?" akauliza mke wa Pike.

Akavuka tena kifusi, akaupanda ule mlima mbio, mara ya ngapi hata hajui. Kutoka barabarani akamwona, peke yake juu kabisa ya kipaa, amepiga magoti, anafunga kofia ya bati, ile inayofunika mshono wa juu wa paa.

"Bwana Pike! Meli!"

"Skrubu nne tu!"

"Bwana Pike, nakuomba!"

"Mama, paa bila kofia si paa. Itavuja."

"Nilitaka kulia," anasema Ma Fedi. "Kumi na watatu nimewavusha, na wa kumi na nne ananiletea ufundi."

Aliyemwokoa ni Mzee Theophile. Alipanda mpaka juu ya paa, akaushika mguu wa Pike, akamwambia taratibu: "Shuka, ndugu yangu. Nimepokea." Hilo ndilo neno la mwenye koudmen. Akishalisema, siku ya mtu imekwisha na hana deni. Pike hakuijua desturi, lakini aliielewa sauti. Akakabidhi bisibisi, akashuka. Pale chini wakashikana mikono, wazee wawili wenye mikwaruzo ya mabati.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Cuthbert aliendesha kwa namna ambayo Ma Fedi, kwa siku ya kawaida, angeiripoti chamani. Mjini foleni ya magari ilikuwa imesimama sokoni. Cuthbert akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele moja tu: "Watu wa meli!" Wenye magari ya mizigo wakapanda juu ya njia za miguu, mama wa machungwa akavuta meza yake, na basi likapita.

Saa kumi na dakika ishirini na saba, Ma Fedi alikuwa chini ya ngazi ya meli anagusa mabega. Kumi na mmoja. Kumi na wawili. Kumi na watatu. Ofisa wa melini akayatazama magoti yao yenye tope na mikono yenye kutu.

"Mlikuwa kwenye safari ipi?"

"Ya paa," akasema Pike, na akaingia. Kumi na wanne.

Meli ilipopiga honi, Ferdilia Valmond alikaa chini pale pale kwenye saruji ya gati, akalia mbele ya watu wote. Haoni haya kulisema. Cuthbert alikaa pembeni yake, akampa chupa ya maji.

"Banda la kuku limefika," akasema.

"Limefika, Cuthbert. Ahsante."

Siku hizi bado wanagombana, ila wanaanza na salamu.

Mvua ilishuka Laudat saa kumi na moja jioni hiyo. Ma Odile alimpigia Ma Fedi simu, akaiweka karibu na bati ili asikie inavyopiga. Ndani halikuingia tone. Basi la Ma Fedi lilibaki kule juu siku nne mpaka barabara ikafunguliwa, na siku mbili za meli zikampita. Hakunung'unika. Jumapili iliyofuata alipanda Laudat na madereva saba wa gati, Cuthbert akiwa mmojawapo, wakamwekea Mzee Theophile mifereji ya maji.

Habari zilienea. Wiki iliyopita bwana mmoja wa wakala wa safari alimfuata na wazo: waandae "safari ya koudmen" kila Alhamisi, watalii walipie kuezeka. Madereva wanasema jibu lake lilisikika mpaka Canefield.

"Nilimwambia koudmen haiuzwi," anasema, na hapa hacheki. "Ukishailipia inakuwa kibarua, na mgeni anakuwa ananunua shida ya Theophile. Wale kumi na wanne hawakununua. Walikuwa na shida na yeye alikuwa na shida, wakabadilishana mikono. Mimi sina cha kumuuzia mtu hapo."

Abiria wa leo wanaanza kushuka ngazi. Ma Fedi anavaa beji, anainua kibao chake. Akiulizwa anatarajia nini baada ya hapa, wengi wangengoja aseme basi jipya. Anatikisa kichwa.

"Nataka kupanda hiyo," anasema, na anaionyesha meli kwa kidevu. "Miaka kumi na tisa nafika mlangoni, sijawahi kuingia. Nimeanza kuweka akiba, mimi na dada yangu. Tutashuka kisiwa kingine, sijali kipi. Sitachukua safari ya meli. Nitakwenda kwenye foleni, nitafute mwanamke mwenye basi kuukuu, niketi nyuma kabisa, ninyamaze."

Anamgusa bega mgeni wa kwanza, anamwelekeza mlangoni mwa basi.

"Akinirudisha kwa wakati, nitamwambia mimi ni nani."